Mwizi Aliyempendeza Baba

S.L.P. 17,
Kilosa.
Jumamosi, 22 Machi 1975.

Mpendwa Kaka Rafaeli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Dresden ukiwa na afya, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimetulia. Sisi tu wazima, kwa kadiri watu waliofiwa wanavyoweza kuitwa wazima. Mama anaamka, anafagia ua, anakula kidogo akilazimishwa. Mdogo wetu Agnesi amerudi shuleni juzi. Mvua za mwaka huu zimeanza mapema, na mahindi ya upande wa Chanzuru yamefika magotini.

Kabla ya habari, niruhusu niandike swali ambalo nimekaa nalo karibu miaka mitatu na ambalo, tangu tulipomzika baba, limeacha kuwa swali la kitabuni. Kwa nini mtu mwaminifu hufurahi kumwona mwizi akifaulu? Nilikuwa na jibu lake mwaka 1972, na nililitamka kwa sauti. Sasa jibu hilo sinalo tena, na wewe unatakiwa kuamua jambo ambalo kwa maoni yangu linalitegemea.

Baba Mdogo Gabrieli atakuandikia, kama bado hajafanya hivyo. Atakuomba neno lako, wewe uliye mkubwa wetu, kuhusu Kornelio: ama aape mbele ya wazee kabla ya arobaini, ama asikanyage tena nyumbani kwetu. Arobaini ni Jumapili ya tarehe 13 Aprili. Kwa kuwa jibu lako halina budi kuja kwa simu ya maandishi, na simu haina nafasi ya kusema “lakini”, nimeona nikueleze yote kwa urefu kabla hujaandika maneno hayo machache.

Kornelio huna haja ya kuelezwa. Ni yule mnyapara wa genge la njia ya reli, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu sisi Wakaguru, ambaye tangu utoto wetu alikuwa akiingia jikoni bila hodi, akifunua sufuria na kumwuliza mama ni nani aliyewaruhusu watumwa wake kula nyama. Mama alikuwa akimjibu kwa mwiko. Siku babu alipofariki ni yeye aliyechimba kaburi, na ni yeye aliyefagia majivu ya moto wa matanga siku ya mwisho, maana kwetu mfiwa hafagii majivu yake mwenyewe.

Kitu ambacho hukijui, kwa kuwa ulikuwa umeshaondoka, ni ile sinema ya Mikumi.

Ilikuwa Mei 1972. Nilikuwa likizoni kutoka Chuo Kikuu, nikiwa nimemaliza mwaka wa pili na nikiwa na hakika ya mambo mengi. Gari la sinema lilifika Mikumi kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na baba akanichukua mimi pamoja na Kornelio kwa treni ya asubuhi. Picha haikungoja giza. Saa kumi alasiri walifunga milango ya ghala la mizigo, wakaziba matundu ya bati kwa maturubai, wakatundika shuka jeupe mbele ya marobota ya mkonge. Wanawake tulikaa kushoto, wanaume kulia. Bwana mmoja aliyekuja na gari alisimama akatueleza kwamba funzo la picha ile ni kuwa macho dhidi ya wanyonyaji. Mama mmoja nyuma yangu akasema, “Tutakuwa macho, baba, ila wewe sogea, umeziba shuka.”

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Tajiri mmoja wa Ulaya ana taji la dhahabu. Yeye si mfalme. Hulivaa akiwa peke yake chumbani. Siku taji linapohamishwa kupelekwa kwenye maonyesho, linawekwa ndani ya gari la chuma, pikipiki nne mbele na nne nyuma. Wezi ni watatu na hawana bunduki hata moja. Mkubwa wao, mtu mwembamba asiyecheka kamwe, anavaa glavu nyeupe za askari wa barabarani, anasimama katikati ya njia panda saa sita mchana, ananyanyua mkono. Msafara wote unasimama. Anauelekeza kwenye uchochoro usiotokea popote. Walinzi wanampigia saluti wakipita, naye anaijibu saluti yao kwa uchovu wa mtu aliyesimama juani tangu alfajiri.

Uchovu ule, Kaka, ndio uliokuwa uigizaji. Mwigizaji wa kawaida angeonyesha hofu kidogo, au angetukonyeza sisi tuliokuwa tukitazama. Yule hakutukonyeza. Alionekana kuwazia chakula chake cha mchana.

Mwenzake wa kike aliigiza bibi kizee kiziwi. Mlinzi mmoja aliposhuka kwenye pikipiki ili ahakikishe njia, bibi alimwendea na sindano na uzi, akamwomba amtungie. Mlinzi akajaribu mara saba, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nyuma ya mgongo wake taji likapita ndani ya kapu la vitunguu. Mfasiri aliyeshika kipaza sauti alicheka hadi akaacha kutafsiri, na hakuna aliyemlaumu, maana hapakuwa na neno la kutafsiri. Kutoka upande wa wanaume nikasikia sauti ya Kornelio, “Bibi, huyo hawezi! Mletee Mkaguru, wana vidole vya kuibia karanga!” Ghala zima likacheka. Niligeuka nikamwona baba amevua miwani, machozi yanamtiririka, anapiga goti lake kwa kiganja.

Sikuwahi kumwona baba namna ile. Unajua alivyokuwa. Karani wa mizigo kwa miaka ishirini na minane, na hakuna gunia lililowahi kupotea mikononi mwake. Wiki ya Uhuru, mji mzima ulipokuwa uwanjani ukicheza ngoma, yeye alilala ghalani kwa sababu mahindi ya watu wa Msowero yalikuwa hayajapakiwa. Mtu huyo ndiye niliyemwona akimshangilia mwizi.

Baada ya picha wanaume walitokea mlango wa upande wa reli. Niliwaona baba na Kornelio wamesimama kwenye kivuli cha tangi la maji, mbali nami kiasi cha mabehewa matatu. Walizungumza kwa muda. Kisha wakapeana mikono, na wote wawili wakavua kofia, polepole, kwa uso mkavu, kama alivyofanya yule mwembamba mwishoni mwa picha. Sikusikia hata neno moja. Naomba uzingatie kwamba sikusikia, kwa sababu siku hizi nimeulizwa mara nyingi sana.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi nilimpinga baba. Nilisema, kwa lugha ya semina zetu, kwamba picha za namna ile hutufundisha kumpenda mwizi ili tusahau kuuliza tajiri alilipataje taji. Kornelio akanitazama kwa huruma. “Msomi wetu amekasirika,” akasema. “Huko Mlimani wanakufundisha kukasirika, au ulikwenda nayo kutoka nyumbani?” Baba hakucheka. Alifikiri hadi tulipokaribia Kilosa, kisha akaniambia, “Mwanangu, yule bwana haigizi mwizi. Anaigiza mtu mwenye haki ya kupita. Ndiyo maana inachekesha.” Nilidhani hakuwa ameelewa hoja yangu. Leo nadhani mimi ndiye niliyekuwa sijaielewa yake, ingawa hata hilo silisemi kwa uhakika.

Sasa nije kwenye mazishi, maana simu tuliyokuletea ilikuwa na maneno manane tu.

Baba alifariki Jumanne, tarehe 4, asubuhi, kwa kile kifua chake. Tulimzika Alhamisi. Kornelio na Wanyamwezi wenzake wawili walichimba kaburi tangu alfajiri, kule juu nyuma ya kanisa, ng’ambo ya reli. Saa nane mchana tulitoka nyumbani. Jeneza lilibebwa na watu sita, wote wa reli, kama baba mwenyewe alivyokuwa ameomba. Mchungaji alikuwa ametangulia makaburini. Wingu lilikuwa limetanda upande wa milimani, lakini tulikuwa na muda wa kutosha.

Tulipofika tambukareli, pale barabara inapokata reli, tukamkuta Kornelio amesimama katikati ya njia. Amevaa koti lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa, kofia kichwani. Mkono wa kulia bendera nyekundu, mkono wa kushoto ya kijani. Akanyanyua ile nyekundu.

Wabebaji wakasimama. Mtu aliyefanya kazi relini miaka kumi hafikiri mbele ya bendera nyekundu. Miguu yake husimama yenyewe. Wimbo ukakatika. Kornelio akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama saa yake, kisha akainyoosha ile ya kijani kuelekea stesheni. Na wabebaji, Mungu ni shahidi wangu, wakageuka na jeneza wakaifuata. Hakuna aliyewasukuma. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alifika hadi jukwaani kabla hajajiuliza wanakwenda wapi.

Tulikimbia nyuma yao, watu wote na mashada yetu. Walimwingiza baba katika ghala lake mwenyewe na kumweka juu ya mizani ya mizigo. Kornelio alivua kofia, uso mkavu, bila hata chembe ya tabasamu, akasema, “Mzigo huu hauna hati. Nani mwenye mzigo?”

Watani huzuia jeneza. Nimeona tangu utotoni: huziba njia, hulala kaburini, hudai kuku au kitenge, hupewa, hucheka, huondoka. Lakini sikuwahi kuona jeneza likiibwa kwa utaratibu, mchana kweupe, na wabebaji wenyewe wakisaidia. Niliutambua mkono ule ulionyanyuliwa, na niliutambua ule uchovu. Kornelio alikuwa akiwazia chakula chake cha mchana.

Baba Mdogo akapiga kelele, “Ndugu yangu si robota la mkonge! Mtoe hapo!”

“Bwana mkubwa,” Kornelio akajibu kwa upole, “mimi ni mtu mdogo. Marehemu mwenyewe alinifundisha: bila hati, hata chumvi ya askofu haitoki. Andika jina la mzigo, unakotoka, unakokwenda.”

“Siandiki upuuzi!”

“Basi tutasubiri. Treni ya Mikumi haina haraka.”

Hapo ndipo Mama alipopenya kutoka kati ya wanawake. Alikuwa hajasema neno tangu Jumanne. Akasimama mbele ya mizani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza sukari dukani, “Andika wewe, Kornelio. Samweli. Kutoka Kilosa, kwenda kwa Mungu. Mzigo dhaifu, ushikwe taratibu.” Na akacheka. Alicheka hadi shangazi Paulina akamshika mabega, na watu wote mle ndani wakacheka naye, watu wa reli, wanakwaya, na hata wabebaji. Kisha kicheko chake kikageuka kilio, cha kwanza tangu afiwe, na Kornelio akapiga magoti sakafuni akaandika hati kwa chaki juu ya ubao wa mizani, herufi kwa herufi, kama Mama alivyosema.

Kama yangeishia hapo nisingekuandikia barua hii. Hayakuishia hapo. Tulikuwa tumepoteza karibu saa nzima. Tulipokuwa tukipanda kilima mvua ilitukuta, si manyunyu, bali ile mvua ya kwetu inayoshuka kama imepasuliwa. Tulipofika, kaburi lilikuwa na maji yaliyofika juu ya kifundo cha mguu. Kornelio alirukia ndani na debe akayachota, na kadiri alivyochota ndivyo yalivyoingia. Mchungaji alisoma nusu ya ibada. Tulimshusha baba ndani ya tope, Kaka. Nilisikia sauti ya jeneza lilipogusa maji. Sitakuficha kwamba ilikuwa sauti mbaya.

Hiyo ndiyo hoja ya Baba Mdogo, na nakusihi usiidharau. Hasemi kwamba utani ni dhambi. Yeye mwenyewe aliwahi kulala katika kaburi la baba yake Kornelio kule Tabora, akatolewa kwa mbuzi. Anasema utani una kipimo, na kwamba mtu aliyeona wingu lile alipaswa kuwa na kiasi. Anasema ndugu yake aliyelinda mali za watu dhidi ya mvua maisha yake yote, yeye mwenyewe hakulindwa. Tangu siku ile halali nyumbani kwake. Analala sebuleni kwetu, kwenye kiti. Nami kila nikitaka kumpinga nasikia ile sauti ya maji.

Siku ya tatu Kornelio alikuja kurudisha sufuria za watu. Nilimkuta uani, nikamwuliza kwa nini alifanya vile.

“Baba yako aliniagiza,” akasema. “Mikumi, siku ile ya picha. Tulipatana: atakayetangulia, mwenzake amwibe kama yule mzungu. Mchana, kwa heshima, bila bunduki.”

“Unasema kweli?”

Akanitazama kwa mshangao ambao sikuweza kujua kama ni wa kuigiza. “Mimi ni mtani wako, Lea. Unaniuliza kweli?”

“Ndiyo. Leo nakuuliza.”

“Basi leo siko,” akasema, akachukua sufuria ya Mama, akaiweka kichwani kama kofia, akaondoka nayo.

Nilifanya kosa la kumweleza Baba Mdogo maneno hayo. Nilidhani yangemtuliza. Badala yake alisimama pale pale akasema kwamba, ikiwa kaka yake kweli aliagiza, yeye atanyamaza hadi kufa. Na ikiwa hakuagiza, basi Kornelio amemsingizia marehemu juu ya kumdhalilisha. Njia ya kujua ni moja: aje mbele ya wazee, ashike Biblia, aape. Wazee walikubaliana naye. Wakatuma mtu.

Kornelio alikuja mwenyewe, bila koti la kazi, akasimama mlangoni. Hakuingia, jambo ambalo sikumbuki kuliona hata siku moja. Akasema, “Nikishika Biblia nitakuwa shahidi. Naweza kuwa shahidi, mikono ninayo. Lakini shahidi hachezi tena msibani kwenu, wala watoto wangu hawatacheza kwa watoto wenu. Hamwezi kunikamata Jumatatu niseme kweli, halafu Jumanne mniambie njoo uchekeshe. Chagueni.” Mzee mmoja akamwambia anatafuta pa kujificha. Kornelio akasema, “Huenda,” akaondoka.

Kwa hiyo jambo limebaki kwako. Ukisema aape, tutajua alichosema baba, na tutakuwa tumempoteza Kornelio. Ukisema asiape, Baba Mdogo ameapa yeye kwamba hatakaa chini ya paa moja naye siku ya arobaini, na sijui majivu yatafagiwa na nani.

Nimejaribu kulipima kama nilivyofundishwa. Nimejiambia kwamba baba aliipenda picha ile kwa sababu maisha yake yote alikuwa yule mlinzi wa pikipiki, anayesimama juani akilinda taji la mwingine, na kwa saa moja na nusu alipewa nafasi ya kuicheka zamu yake. Ni hoja nzuri. Ningeweza kuiandikia insha. Kisha nakumbuka kwamba baba alikuwa akiipenda kazi yake, na hoja yangu inaanza kunuka kiburi. Nimejiambia pia kwamba alichokipenda si wizi bali kazi iliyofanywa vizuri, kwa mkono uliotulia. Kwamba fundi humtambua fundi hata akiwa upande wa pili wa sheria. Huenda. Lakini hata nikijua kwa nini alimpenda mwizi wa picha, bado sijui kama alitaka yeye mwenyewe aibwe. Mtu anaweza kulifurahia jambo kwenye shuka na asilitake nyumbani kwake. Nami ndivyo nilivyo kwa mambo mengi.

Nimemwuliza Mama. Akaniambia, “Wao walikuwa Mikumi, mimi nilikuwa Kilosa nikipika,” akaendelea kuchambua mchele. Sikuweza kujua kama amenifungia mlango au kama kweli hana la kusema.

Lipo jambo moja zaidi, na nimelichelewesha hadi hapa kwa makusudi. Wanawake wa kanisani wanamlaumu Mama. Hawasemi mbele yake, lakini yamemfikia: kwamba mjane alicheka mbele ya jeneza, tena akawa wa kwanza, na kwamba asingecheka yeye, Kornelio angeona haya na kumwachia marehemu mapema, kabla ya mvua. Baba Mdogo naye anaamini hivyo, ingawa kwa heshima hamtaji.

Si kweli. Wa kwanza nilikuwa mimi. Kornelio alipovua kofia na kuuliza nani mwenye mzigo, kabla Baba Mdogo hajafungua kinywa, nilicheka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, nikaziba mdomo kwa kitenge, lakini Kornelio alinisikia; niliona jicho lake likija upande wangu. Kwa muda ule mfupi hatukuwa msibani. Tulikuwa ghalani Mikumi, na baba yu hai upande wa kulia anapiga goti lake. Mtu aliyekuwa akisitasita angeweza kuacha palepale. Yeye aliendelea, na inawezekana aliendelea kwa sababu yangu.

Unaona basi ugumu wa ushauri wangu. Moyo wangu unaniambia usimwapishe. Unaniambia kwamba mtu anayeweza kutufanya tulie baada ya siku mbili za ukimya hapatikani kwa kutangaza kazi gazetini. Lakini sijui kama hilo ni pendekezo la mtu aliyefikiri au utetezi wa mtu aliyecheka. Nimelisoma mara nyingi na sioni mahali ambapo moja linaishia na lingine linaanza. Ndiyo maana silitoi kama ushauri. Pima mwenyewe, wewe ambaye hukuwepo. Huenda kutokuwepo kwako, ambako najua kumekuumiza, ndiko kunakokufanya ufae.

Sehemu iliyo yangu sitaingoja simu yako. Kesho baada ya ibada nitamwambia Baba Mdogo, mbele ya shangazi Paulina na wale wanawake, ni nani aliyecheka kwanza. Sitarajii kwamba itamrudisha kulala nyumbani kwake. Natarajia tu kwamba Mama ataweza kwenda kisimani bila watu kunyamaza anapopita.

Kama baba aliagiza au hakuagiza, sijui, na naamini sitajua. Si kwa sababu ushahidi umepotea. Aliye nao anaishi hatua mia mbili kutoka hapa, na asubuhi ya leo nimemsikia akiwatukana vijana wa genge lake kwa sauti nzima. Lakini ili anijibu kwa dhati lazima kwanza aache kuwa yule ambaye baba, kama alimwagiza mtu yeyote, angemwagiza yeye. Sijapata njia ya kuuliza swali hilo bila kuliharibu jibu lake.

Mama anakusalimu na anasema uvae sweta mbili. Agnesi anakuomba picha yako ukiwa kwenye theluji. Shangazi Paulina na Baba Mdogo Gabrieli wanakusalimu sana, na huyu wa mwisho nakuomba umwandikie yeye peke yake, barua isiyohusu jambo hili, umwulize tu anaendeleaje. Nawe unifikishie salamu kwa Timotheo wa Berega na wenzenu wote mlioko huko.

Mwenyezi Mungu akulinde katika masomo yako na katika usingizi wako, na akupe maneno machache yanayotosha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Lea